Nyumbani ni wapi? Mwongozo wa kutafiti familia za waliohamia Dar es Salaam zinapouguza mgonjwa asiyetarajiwa kupona

Mwaka wangu wa kwanza uwandani nilifika Mbagala kwenye chumba cha kupanga, nikakalia ndoo iliyogeuzwa, nikatoa fomu ya ridhaa na kuanza kuisoma kwa sauti kama nilivyofundishwa. Sentensi ya pili ilisema utafiti unawahusu "wagonjwa walio katika hatua za mwisho za maisha". Mzee alikuwa kitandani, macho wazi, anasikiliza. Hakuwa ameambiwa. Mkewe hakunifokea. Alisimama akasema, "Mwanangu, chai imepoa, ngoja nikakupashie," akatoka, na hakurudi mpaka nilipoaga.

Fomu ile ilikuwa imepita kwenye kamati ya maadili bila doa. Nayaandika haya kwa mwanafunzi wa uzamili, muuguzi au mtafiti msaidizi anayejiandaa kubisha hodi kwenye mlango kama ule akiwa na fomu kama ile.

Hatua ya kwanza: badilisha maneno kabla hujatafuta mtu

Katika andiko lako la utafiti utaandika "familia za wahamiaji". Liache neno hilo humo humo. Redioni na magazetini "wahamiaji" hufuatwa na "haramu" mara nyingi kiasi kwamba ukilitamka mlangoni, mtu anaona gari la Uhamiaji limepaki nyuma yako. Sema "familia zenye asili ya nje ya Dar", au uliza tu swali ambalo kila mtu mjini hapa ameshazoea kuulizwa: nyumbani ni wapi?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Waulize nyumbani ni wapi, wengi hawatakutajia Sinza wala Tandika. Watakwambia Rombo, Kasulu, Newala, Muleba, na wengine Bukavu, Bujumbura au Moroni. Mtu amezaa na kujukuu Temeke, ana miaka 40 mjini, lakini nyumbani ni Newala. Kwa utafiti huu jibu hilo ni data tayari, kwa sababu ugonjwa ukiwa mzito ndipo "nyumbani" huanza kudai haki yake.

"Huduma za mwisho wa uhai" nalo lisitoke kwenye makaratasi. Wataalamu wana neno zuri, tiba shufaa, ila wagonjwa wengi hawalijui. Sema "kuuguza mgonjwa mzito". Na usitafute "kifo kizuri". Sijawahi kumsikia mtu mzima akikiita kifo kizuri. Waislamu huomba mwisho mwema, Wakristo wengi husema "alilala salama". Chukua maneno hayo yalivyo.

Hatua ya pili: vibali

Hapa sitakaa sana, maana utaratibu unaeleweka. Utafiti wa afya unaohusu binadamu unahitaji kibali cha maadili. Kitaifa hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vyuo kama MUHAS vina kamati zao. Mtafiti asiye raia atapita pia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha barua zinashuka ngazi: mkoa, manispaa (au Jiji, kama uko Ilala), kata, mtaa. Ukitaka kuwapata washiriki kupitia Ocean Road au Muhimbili, hospitali nayo ina mlango wake. Anza mapema, uwe na nakala nyingi zenye muhuri, na usigombane na mtu wa masjala.

Jambo moja ambalo maelekezo hayasemi: kwa mwenyekiti wa mtaa omba barua, usiombe akusindikize. Akitembea na wewe hadi mlangoni, mtaa mzima unajua kuna mgonjwa wa kutafitiwa, na mwenye nyumba anajua pia. Mpangaji mwenye mgonjwa mahututi huwa ana wasiwasi wake tayari: msiba ukitokea, turubai litafungwa wapi kwenye ua wa watu sita? Ndiyo maana misiba mingi ya wapangaji huhamia kwa ndugu mwenye nyumba yake, na utasikia marehemu alikaa Mbagala lakini msiba uko kwa kaka yake Kimara.

Kwa waliotoka nje ya nchi kuna zito zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo alilopangiwa, na kambi kama Nyarugusu ziko mkoani Kigoma. Mkongomani au Mrundi anayemuuguza mama yake hapa mjini bila ruhusa ya kutoka kambini ana sababu ya kukuogopa wewe na daftari lako. Basi usiulize karatasi. Usiweke kisanduku cha "hadhi ya ukaazi" kwenye dodoso kwa sababu tu dodoso la nchi nyingine lilikuwa nacho. Usichokijua hakuna atakayekulazimisha ukitoe.

Hatua ya tatu: mtafiti msaidizi na lugha

Karibu kila mtu Dar anaongea Kiswahili, kwa hiyo watafiti hudhani tatizo la lugha halipo. Lipo, ila linajitokeza mwishoni. Mgonjwa aliyeishi kwa Kiswahili miaka 30, akizidiwa anarudi kwenye Kiha, Kimakonde au Kihaya. Wajukuu waliozaliwa hapa wanabaki wanaangaliana. Nimemwona binti akimpigia shangazi yake simu Kigoma, akaweka spika karibu na mdomo wa bibi, ili shangazi amtafsirie bibi anaomba nini. Aliomba maji.

Kwa hiyo tafuta msaidizi anayeijua lugha ya nyumbani, lakini asiwe wa ukoo ule wala wa umoja wao wa mjini. Na usimtumie mtoto wa familia kuwa mkalimani. Utamfanya atamke kwa kinywa chake kwamba baba yake anakufa. Ukiwa na msaidizi Muha, kumbuka Kiha na Kirundi vinakaribiana sana. Anaweza kutambua ndani ya dakika mbili kwamba familia iliyosema ni ya Kasulu imetoka ng'ambo ya mpaka. Kubalianeni mapema kwamba hilo halitamkwi na haliandikwi.

Kuna na utani. Mchaga na Mpare, Mzaramo na Mnyamwezi wana ruhusa ya kuambiana yasiyoambika, na msibani watani hufanya vituko ambavyo mgeni atavidhania utovu wa adabu. Msaidizi mtani anaweza kufungua mazungumzo yaliyogoma baada ya mazishi. Kabla ya mazishi, mbele ya mgonjwa, mwambie aufungie utani wake nyumbani. Wapo wanaotaniana na mgonjwa na mgonjwa akacheka, lakini huo ni uhusiano wao wa miaka, wewe huna.

Hatua ya nne: kuingia

Njia inayofaa kuliko zote niliyowahi kutumia ni vyama vya kuzikana. Karibu kila kundi la watu wa sehemu moja walioko mjini lina chama cha namna hiyo, na katibu wake anajua nani anaumwa, nani amerudishwa kutoka hospitali, na nani hataki wageni. Muuguzi wa huduma za nyumbani na shemasi au imamu wa mtaa pia wanafaa. Mwambie mmoja wao apeleke habari kwanza, na familia ikuite. Usiende bila kuitwa.

Ukifika, salamu ni ndefu na ina mpangilio. Hodi, shikamoo kwa wakubwa, kisha "poleni kwa kuuguza". Neno hilo ndilo linalokutambulisha, kuliko kitambulisho kinachoning'inia shingoni, ambacho ningeshauri ukiweke mfukoni hadi uulizwe. Mikono isiwe mitupu. Sukari, sabuni, matunda, maji ya kunywa vinatosha. Kamati zingine huona hiyo ni hongo, na zina hoja, kwa hiyo iandike kwenye andiko tangu mwanzo: kitu gani, cha thamani gani, na kwamba kinatolewa hata kwa atakayekataa kushiriki. Nauli uliyoahidi irudishe kwa simu baadaye, usihesabu noti mbele ya wapangaji wengine.

Hatua ya tano: ridhaa ya nani?

Maadili ya utafiti tuliyoyarithi, tangu Azimio la Helsinki la 1964, yanamtaka mtu mmoja aelewe, akubali, atie saini. Nyumba uliyoingia ina wakubwa kadhaa: mke anayemwogesha, mtoto wa kiume anayelipia dawa, baba mkubwa aliyeko Bukoba ambaye hajalipa shilingi lakini bila yeye hakuna kinachoamuliwa. Baba mkubwa anaweza kukukatalia kwa simu ya dakika moja baada ya wewe kukaa pale wiki tatu.

Mimi hufanya hivi. Kwanza nazungumza na anayeuguza, nje, mbali na kitanda, na swali langu la kwanza ni: mgonjwa anajua nini kuhusu ugonjwa wake, na nyinyi mnauitaje mkiwa naye? Jibu lolote litakalotoka ndilo neno nitakalotumia chumbani. Wakisema "kidonda cha tumbo", ni kidonda cha tumbo. Pili nauliza, nani mwingine tumpigie kabla hatujaanza? Napiga simu hiyo nikiwa pamoja nao. Tatu ndipo naenda kwa mgonjwa mwenyewe, nikiwa na maelezo mafupi yasiyotaja mwisho wa chochote: nataka kujifunza namna familia yenu inavyokuuguza, uko tayari tuzungumze?

Wapo wenzangu wanaosema huko ni kumdanganya mgonjwa. Nimebishana nao sana. Msimamo wangu ni kwamba simwambii uongo na wala simfichi akiniuliza. Akiuliza, namwambia swali hilo ni la daktari wake na la mwanawe, na namuuliza kama angependa niwaite. Ila kumtangazia mtu kifo chake kupitia fomu yangu si haki yangu. Mara nyingi, tukibaki wawili, mgonjwa mwenyewe hutikisa kichwa na kusema, "Hawa watoto wanadhani sijui."

Asiyeandika ataweka dole gumba, lakini mweleze wino ule unakwenda wapi, maana dole gumba kwa wengi wetu ni la kuuzia shamba. Mgonjwa akikata kauli, ridhaa yake imesimama alipoiachia. Usiendelee kumrekodi kwa sababu eti alikubali wiki iliyopita.

Hatua ya sita: maswali

Watu wa tiba shufaa hupenda kumtaja Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's mjini London mwaka 1967 na kufundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili tu. Yapo ya akili, ya mahusiano na ya roho. Tumia mgawanyo huo kupanga mwongozo wako wa maswali, ni mzuri. Kisha ongeza la tano, ambalo hapa Dar huwezi kuliruka: maumivu ya safari. Mgonjwa arudishwe nyumbani angali anaweza kukaa kwenye kiti cha basi, au asubiriwe hapa na kurudi akiwa ndani ya jeneza, jambo linalogharimu mara nyingi zaidi? Familia nyingi nilizokaa nazo zilikuwa zinalipigia hesabu swali hilo kila usiku kwa minong'ono, huku mgonjwa akihesabu vilevile peke yake.

Uzito wa swali unatofautiana. Wachaga wengi watataka kuzika kwenye kihamba na Wahaya kwenye kibanja, yaani shamba la ukoo, hata kama ni kukodi gari usiku kucha. Muislamu aliyefia Dar mara nyingi atazikwa siku ile ile au kesho yake, kwa hiyo ndugu wa Lindi wanaweza kukuta kaburi limeshafunikwa, na machungu yao ni ya kutokuwepo. Mhindu atachomwa. Lakini usijibu kwa niaba ya mtu kwa kuangalia kanzu au msalaba. Niliwahi kumdhania mzee wa Kichaga anataka Marangu, akaniambia azikwe Kinondoni karibu na binti yake aliyetangulia, na kwamba nisiwaambie wadogo zake.

Usiulize "ungependa kufia wapi". Uliza: hali ikibadilika usiku, nani anapigiwa simu wa kwanza? Nyumbani nani bado hajaambiwa? Hospitali waliwaambia neno gani hasa mlipokuwa mnatoka? Dawa ya maumivu mnaichukua wapi, na mnaionaje? Hilo la mwisho litakupeleka kwenye morfini ya maji, ambayo baadhi ya familia huiogopa kama "dawa ya kumalizia" na kuificha juu ya kabati huku mgonjwa akisaga meno. Usiwakosoe. Uliza waliisikia wapi habari hiyo, kisha ukimaliza mahojiano mwombe muuguzi wao apite.

Halafu jifunze kusikia majibu yanayofunika. "Hajambo kidogo" inaweza kumaanisha amekunywa uji leo, au kwamba wewe ni mgeni na hatukuambii. "Tumemwachia Mungu" nimeihesabia maana nne: pesa imeisha, tumeacha dawa, tunaomba muujiza, tafadhali usiulize tena. Kinachotofautisha ni mikono na macho, kwa hiyo andika kwenye daftari alikuwa anafanya nini alipoitamka. Kinasa sauti hakitakusaidia hapo.

Faragha usiitegemee. Nyumba nyingi za Uswahilini zina korido katikati na vyumba pande mbili. Unayoyasema chumba cha kwanza yanasikika cha sita. Mahojiano yangu mazuri yamefanyika kwenye foleni ya maji, kwenye daladala ya kwenda kuchukua dawa, na mara moja kwenye ngazi za duka lililofungwa. Mke wa mgonjwa akiwa na mashemeji zake sebuleni, hakuna mahojiano na mke. Kuna mahojiano na mashemeji. Rudi siku ambayo wao hawapo.

Hatua ya saba: mgonjwa akifariki utafiti ukiendelea

Itatokea. Ukiwa chumbani dakika zile, toka kwenye njia. Anayesoma Yasini, anayemtamkisha shahada, anayemgeuza kuelekea kibla, padri aliyekuja na mafuta ya mpako, wote wana kazi, wewe huna. Zima kinasa sauti kabisa, usikiweke kimya tu.

Nenda msibani. Kaa na watu wa jinsia yako, kwenye mkeka au kiti cha plastiki, changia ubani au rambirambi kiasi cha jirani wa kawaida, usizidishe. Usihoji mtu. Unachokiona msibani si data hadi utakaporudi kuomba ruhusa ya kukitumia, na wakikukatalia kifute hata kama ndicho kilichokuwa kipande bora kuliko vyote.

Kurudi kwa mahojiano, mimi nasubiri arobaini ipite, na kwa waliosafirisha nasubiri warudi mjini na kutulia. Mjane Muislamu aliye edani hukaa miezi minne na siku kumi. Anaweza kupokea wageni wanawake, kwa hiyo aende msaidizi wa kike, na aulize kwanza. Na ile namba ya simu ya marehemu ifute kwenye orodha ya ujumbe wa kukumbusha mahojiano siku hiyo hiyo. Simu inabaki na mjane. Hakuna anayestahili kusoma "Habari Mzee, kesho saa nne tunakutembelea".

Hatua ya nane: kunukuu na kutunza

Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti, hata kama profesa wako mwenza yuko Ulaya na ana seva nzuri. Kubadilisha jina pekee hakutoshi. "Mjane wa Kingazija, miaka 60, Kariakoo, mume alikuwa fundi saa" watu wa mtaa watamtambua kabla hawajamaliza kusoma. Badilisha kata, kazi, hata idadi ya watoto, na weka kumbukumbu ya ulichobadilisha mahali pengine.

Wakati wa kunukuu sauti, kila penye "nyumbani" weka alama. "Tuliambiwa tumrudishe nyumbani": Mbagala, au Newala? Daktari alimaanisha kitanda chake cha hapa. Familia ilisikia safari, ikauza pikipiki, ikaondoka naye alfajiri bila dawa ya wiki mbili. Sura nzima ya tasnifu yangu ilitoka kwenye neno hilo moja.

Mwisho kabisa, ongeza mstari mmoja kwenye fomu ya ridhaa: sauti hii, nikiwa sipo, nani anaruhusiwa kuisikia? Kamati itakuuliza kwa nini. Waeleze. Miezi kadhaa baada ya kumaliza kazi, mama mmoja alinipigia akauliza kama bado ninayo ile siku mumewe alipokuwa ananitajia miti ya shambani kwao, mmoja mmoja, na nani aliipanda. Marehemu alikuwa amejaza mstari ule kwa mkono wake: mke wangu na wanangu, wakitaka. Nilikata kipande cha dakika 11, nikaenda nacho Mbagala. Walikuwa wameshahama, nikaelekezwa Chamazi. Alikisikiliza mara mbili, ndipo akaenda kuchemsha chai.